Kabla ya kununua uzi mwingine, fungua mfuko wa zamani

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Moshi, Lushoto, Njombe na Makete, wafumaji huamka. Mama anayesubiri wateja gengeni ana sindano mbili mkononi, bibi kibarazani anahesabu vitanzi bila kutazama, na maduka ya uzi yanapanga madonge mapya kwa rangi ili mpita njia asiweze kupita bila kusimama. Napenda sana kufuma na kushona, na ni kwa mapenzi hayo nasema: msimu huu, kabla hujaingia dukani, anzia kwenye ule mfuko ulio uvunguni mwa kitanda.

Kila mfumaji anao. Ndani yake mna nusu donge la bluu lililobaki kwenye sweta ya shule, mkono mmoja wa sweta ambao mwenzake haukufumwa, kanga iliyopoteza pacha wake, vipande vya kitenge vilivyorudi kutoka kwa fundi, na nyuzi zilizosokotana mpaka mtu anaogopa kuzigusa. Wengi huutazama mfuko huo kama deni. Mimi nauona kama mahali pazuri kuliko pote pa kuanzia kazi mpya, na naamini anayejifunza kumaliza mabaki yake huwa mfumaji hodari kuliko anayeanza kila kazi na donge jipya. Uzi mpya wa kutosha hauulizi maswali. Mabaki hukulazimisha upime, uhesabu, upange rangi na ujue kila uzi umetengenezwa kwa kitu gani. Huko ndiko ufundi ulipo.

Mfuko hujaa vipi

Uzi huuzwa kwa donge zima, mara nyingi la gramu 50 au 100, na kazi haiishii pale donge linapoishia. Sweta inayohitaji madonge sita na kidogo itakulazimu ununue saba. Mfumaji mzoefu hununua nane, kwa sababu anajua habari ya mkupuo wa rangi. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo hutofautiana kidogo na mwenzake hata kama jina la rangi ni lile lile. Ndiyo maana karatasi ya donge huwa na namba mbili: ya rangi na ya mkupuo. Ukirudi dukani baada ya mwezi mkupuo wako umekwisha, na mkono utakaoufuma kwa uzi mpya hautalingana na kifua. Basi hofu ya kupungukiwa hununua donge la ziada, na hilo ndilo linaloishia mfukoni.

Kuna pia kazi zilizoachwa njiani. Mtoto alikua kabla sweta yake haijaisha, au mchoro ulikuwa mgumu, au msimu wa joto ulifika na hamu ikakatika. Kwa washonaji, kitenge hununuliwa yadi sita, gauni likala nne, mbili zikakunjwa vizuri na kusahauliwa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia sufu. Sufu imejengwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele na kucha zetu, na kwa nondo wa nguo hicho ni chakula. Anayekula si nondo anayeruka bali funza wake, anayeanguliwa katika giza la mfuko usiofunguliwa. Hupenda sufu yenye jasho na mafuta, ndiyo maana sweta iliyohifadhiwa bila kufuliwa huanza kutoboka kwapani na shingoni. Dawa ya kwanza ni kuifua, kuianika hadi ikauke kabisa, kuikung'uta, kisha kuifungia kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Mwenye friza anaweza kuuweka uzi humo kwa wiki mbili ukiwa umefungwa vizuri. Baridi hiyo huua mayai na funza.

Hapa nina ombi zito kwa akina mama na mabibi. Vidonge vya naftalini tunavyotupia kabatini si vya kuwekwa pamoja na nguo za watoto wachanga. Mvuke wake huingia kwenye uzi, na kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea manjano ya hatari. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, yetu ikiwemo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Uzi uliolala na naftalini ufumie zulia au mfuniko wa kiti, usifumie kofia ya kichanga.

Moto, rula na mizani

Chagua siku yenye nafasi, tandika mkeka, mwaga kila kitu. Usipange kwa rangi kwanza, ingawa rangi ndiyo inayovuta jicho. Panga kwa asili ya uzi. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikaza na kusinyaa, akriliki haisinyai hivyo, na pamba ina tabia zake. Ukizichanganya kwenye blanketi moja, siku ya kufua kila moja itavuta upande wake na miraba itapinda.

Karatasi ya donge ikiwa imepotea, moto utakuambia. Kata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sufuria yenye maji, kiwashe. Sufu huungua taratibu, hunuka nywele zilizoungua, na ukiondoa kiberiti moto hufifia wenyewe. Majivu yake meusi hupondeka ukiyabonyeza. Pamba hushika moto haraka, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu kisichopondeka. Hiyo ni plastiki. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuizalisha kwa biashara mwaka 1950 kwa jina la Orlon, na leo imejaa kwenye maduka yetu kwa kuwa ni rahisi na hufulika bila shida. Kwa anayepika kwa kuni au mkaa, kishanga kile ni onyo: sweta ya akriliki ikidakwa na moto huyeyukia mwilini. Kwa shughuli za jikoni, sufu na pamba ni salama zaidi.

Baada ya asili, unene. Chukua rula, zungushia uzi kandokando bila kuuvuta wala kuupandanisha mpaka ujaze sentimita 2.5, kisha hesabu mizunguko. Ikiwa 8 au 9, huo ni uzi wa unene wa kati, wa sweta na kofia. Ikiwa 14 na zaidi, ni mwembamba, wa soksi na nguo za vichanga. Nyuzi mbili nyembamba zikifumwa pamoja hukaribia unene wa kati, na kwa njia hiyo mabaki yaliyoonekana hayana kazi hupata kazi. Pia hutoa rangi ya madoadoa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Mwisho, mizani ya jikoni. Gramu 100 za uzi wa unene wa kati hutoa takriban mita 200, kwa hiyo kidonge cha gramu 30 kina kama mita 60. Mstari mmoja wa kufuma kwa sindano mbili hula uzi wa takriban mara tatu ya upana wa kitambaa. Kitambaa cha sentimita 50 kinakula mita moja na nusu kwa kila mstari, na kidonge chako kitakupa mistari kama 40, yaani karibu sentimita 14 za kitambaa. Hesabu hiyo ndogo inamaliza kabisa hofu ya kuishiwa katikati ya kazi. Andika uzito kwenye kikaratasi, kifunge kwenye uzi, na mfuko wako umegeuka kuwa ghala linaloeleweka.

Sweta ya mtumba ina uzi mzuri

Wapo wanaoongeza ghala hilo kwa kufumua. Kenya, wasukaji wa viondo wamefumua sweta za mitumba kwa miaka mingi na kusukia vikapu vyao uzi wake wa rangi, pamoja na katani. Moshi kuna soko la Memorial, na katika milundo yake mtu mwenye jicho hupata sweta za sufu safi ambazo mnunuzi wa kawaida anazikataa kwa sababu ya tundu moja kiwikoni.

Usinunue kabla hujaigeuza ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiuona umekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi za ovaloki, iache, maana kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vifupi vya uzi, kimoja kwa kila mstari. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi mmoja, hiyo ni mali. Nyumbani, fungua mishono kwanza ili kifua, mgongo na mikono vitengane. Kisha tafuta mwisho wa kazi, ambao kwa kawaida uko juu, mabegani au shingoni. Ukianza chini uzi utakung'ang'ania.

Uzi utatoka umejikunja mawimbi kama nywele zilizofumuliwa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba zilizolegea, ulowanishe kwenye maji ya uvuguvugu, ukamue kwa taulo na kuutundika kivulini. Sufu hunyooka ikikauka. Akriliki hubaki na mawimbi kiasi, lakini ukishaifuma hayaonekani sana. Usiufume uzi kabla ya kuuosha, maana kipimo chako kitakudanganya na nguo itabadilika umbo siku ya kwanza ya kufuliwa.

Kazi hii ina historia ya heshima. Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi Juni 1941 wakati wa vita, uzi wa kufumia nao ulihesabiwa, na familia zilifumua sweta za watu wazima ili zifume za watoto. Mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kufundisha wananchi kukarabati na kugeuza nguo walizonazo.

Kazi zinazomaliza mabaki

Mabaki yapewe kazi inayokubali rangi nyingi. Miraba ya kroshia ndiyo mfalme wa kazi hizo. Mchoro wake wa mapema unaojulikana ulichapishwa mwaka 1885 katika jarida la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, na hadi leo unadumu kwa sababu kila duara ni fupi na kila rangi inapata zamu. Siri ya kuufanya upendeze ni kuchagua rangi moja ya kufungia miraba yote. Kijivu, nyeusi au nyeupe ikizunguka kila mraba, hata rangi zilizogombana mfukoni hupatana kwenye kochi.

Mistari nayo ni rafiki wa mabaki. Gawanya kila rangi mara mbili kwa mizani kabla hujaanza, nusu ya kifua na nusu ya mgongo, ili pande mbili zifanane. Anza na donge kubwa pindoni, weka vidonge vidogo kifuani kwenye mistari myembamba, rudia donge kubwa kwenye mikono.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni kofia ya mtoto njiti, kwa sababu inakula uzi kidogo mno na inamfikia mwenye shida halisi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, hivyo joto jingi hupotelea hapo. Mwaka 1978 madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez wa Bogotá, Kolombia, walianzisha huduma tunayoiita ya kangaruu: mtoto hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo kwa robo. Kofia ni sehemu ndogo ya huduma hiyo, na ndiyo sehemu ambayo mimi na wewe tunaiweza.

Chukua gramu 20 za uzi laini wa unene wa kati, pamba au akriliki inayofulika, na sindano za milimita 4. Fuma kwanza sampuli ndogo: ukipata vitanzi kama 21 kwa sentimita 10, uko sawa. Anzisha vitanzi 56. Fuma vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume kwa sentimita 3, ili ukingo uvutike. Endelea kwa mtindo laini, mstari wa kawaida na mstari wa kinyume, mpaka kofia ifike sentimita 9. Sasa punguza: fuma vitanzi vitano, unganisha viwili kuwa kimoja, rudia hadi mwisho, na utabaki na 48. Rudi kwa mstari wa kinyume bila kupunguza. Kila unapopunguza, punguza kitanzi kimoja kati ya maunganisho: vinne, vitatu, viwili, kimoja, kisha unganisha viwili viwili hadi mwisho. Vikibaki vitanzi 8, kata uzi, upitishe ndani yake kwa sindano ya kushonea, vuta, funga. Shona ubavu kwa mshono bapa usioacha mstari mgumu kwenye ngozi. Itakuwa na mzunguko wa sentimita 27 hivi na itatanuka kumtosha mtoto wa karibu wiki 32, ambaye kichwa chake huwa kama sentimita 29 au 30.

Usiweke kishada, kifungo wala utepe. Ifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, na kabla ya kwenda uliza wodi ya watoto wachanga ya hospitali iliyo karibu wanahitaji vipimo gani. Wauguzi watakuambia ukweli, na mara nyingi watataka ndogo zaidi kuliko unavyodhani.

Na vitambaa je?

Mshonaji naye asijione ametengwa. Mtindo wa kuunganisha vipande ni wa kwetu tangu zamani. Katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakakata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kupata vazi moja pana. Kanga tunayoivaa leo imetokana na ubunifu huo wa sindano.

Kanga iliyochanika katikati bado ina pindo zima na jina lake. Kata pande nzima, zitumie kama bitana ya ndani ya mfuko uliofumwa kwa sufu, ambao bila bitana hutanuka ukitiwa vitu vizito. Vipande vya kitenge vifue kwanza kwa maji ya moto vyote pamoja, kisha tazama maji. Chenye kuchuja rangi kiweke pembeni. Vilivyobaki vikatwe miraba ya kipimo kimoja kwa kiolezo cha kadi ngumu, ukiongeza milimita 6 kila upande za mshono. Cherehani ya miguu inatosha kabisa.

Visivyofaa hata miraba vikatwe tepe za sentimita 2, kwa kuzunguka kipande kutoka nje kwenda ndani ili utepe uwe mmoja mrefu. Toboa kitundu mwisho wa kila utepe, pitisha mmoja ndani ya mwingine, vuta: zimeungana bila uzi. Kwa sindano nene ya kroshia ya milimita 10 utapata zulia la mlangoni linalodumu miaka. Fulana kuukuu zinafaa zaidi, kwa kuwa utepe wake ukivutwa hujikunja wenyewe na kuficha kingo.

Mabaki ndiyo shule

Mtoto anayejifunza hapaswi kupewa donge jipya, maana mzazi atamkaripia kila anapokosea. Mpe mabaki, umwache aharibu na kufumua mara anazotaka. Kidonge cha rangi tatu humsaidia kuona mstari unapobadilika, na makosa yake hayana gharama. Na usimwite binti peke yake. Vyama vya wafumaji vya Ulaya ya kale vilikuwa vya wanaume, katika kisiwa cha Taquile nchini Peru wanaume ndio wanaofuma kofia za asili, na hapa kwetu mafundi cherehani wa barazani wengi ni wanaume. Kijana anayeweza kurudishia kifungo na kuziba tundu la soksi yake ameongezewa uhuru.

Najua hesabu ya pesa haitupendelei. Sweta ya mtumba itakuwa rahisi daima kuliko saa za kufuma moja kwa mkono, na sidhani tushindane nayo. Cha kufuma kina thamani yake: kinamkaa mtu fulani kwa vipimo vyake, kinafumuliwa na kufumwa upya mtoto akikua, na tundu lake linazibwa na mtu yule yule aliyekifuma, kwa uzi ule ule. Ndiyo maana kidonge kidogo cha mkupuo huo kibaki nyumbani kwa ajili ya marekebisho. Hicho pekee ndicho akiba ya kweli. Mengine yote ni kazi inayosubiri mikono.

Basi toa mfuko wikendi hii. Kazi iliyoachwa njiani iamuliwe: unaimaliza kabla ya mwisho wa mwezi, au unaifumua. Uzi usioupenda tena mpe anayejifunza. Ncha fupi na vipande vya kitenge visivyokatika viwe ujazo wa mto. Ukishafika chini ya mfuko ndipo uende dukani, ukiwa na orodha fupi mkononi, kwa mfano donge moja la kijivu la kufungia miraba yako, na ukijua hasa unachohitaji na utakachokifanyia.